Mabati ya Mama na Mikanda ya Baba

Mikanda ya video ya baba ilikaa miaka mingi juu ya moto. Sisemi kwa mafumbo. Jikoni kwa mama, kule Mpepai, juu ya mafiga kuna dari la miti ambalo kazi yake ni moja tu, kutunza mbegu ya mahindi. Moshi unapanda, wadudu wanakimbia, na mbegu inabaki salama hadi mvua za kupandia. Kwetu milimani kitu usichotaka kiharibike unakipandisha darini. Basi baba alipofariki, mama akaikusanya mikanda yake yote tisa, akaifunga kwenye kitenge, akaining'iniza katikati ya mahindi. Wa kumwambia kwamba video hazitunzwi kama mahindi nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa mjini Mbinga, dukani kwangu, najiona mtaalamu.

Nina steshenari karibu na soko. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua za watu wanaodai mashamba na barua za watu wanaoomba msamaha kwa wakwe. Katika ukoo wetu mtu akipata shida na kitu chochote chenye waya ananipigia mimi. Nimeshaulizwa habari za pasi na za pampu ya maji. Sijawahi kusema sijui, na huo ndio ugonjwa wangu.

Mwaka juzi, baada ya mavuno ya kahawa, nilimnunulia mama televisheni bapa na deki ya DVD ili aangalie kwaya. Aliangalia kwaya wiki moja, akachoka. Nilipokwenda kumjulia hali akaniambia kwamba kwaya ni nzuri lakini waimbaji wote ni watoto wa watu wengine. Yeye alitaka kumwangalia baba.

Nikamjibu kwa ule upole ninaoutumia kwa wateja wagumu. Nikamkumbusha kwamba baba ndiye aliyekuwa mpigapicha. Miaka yote ile yeye alisimama nyuma ya kamera na sisi mbele yake, kwa hiyo kwenye mikanda tumo sote isipokuwa yeye.

"Yumo," mama akasema.

Nikamwambia hayumo. Akasema yumo, niipeleke mikanda kwenye mashine zangu, nitamkuta. Kisha akapanda kwenye kigoda, akaingiza mkono darini, akashusha kile kifurushi cha kitenge. Kilikuwa cheusi kama sufuria ya msibani. Harufu yake ilinirudisha utotoni, na si kwa mikanda, ni kwa samaki.

Nilimpigia simu mdogo wangu, ambaye ni mwalimu kule Kigonsera. Naye hukosi jibu kwake, ila lake huwa refu kuliko langu. Akasema mama ameanza kuzeeka, tusibishane naye, nihamishe mikanda kwenda kwenye DVD, akiona kweli baba hayumo atatulia. Sikuipenda ile habari ya kuona kweli baba hayumo. Nilimwona mama ameketi mbele ya televisheni, mkanda wa kwanza hadi wa tisa, anamtafuta mtu ambaye hatatokea. Hilo lilinikaa kifuani njia nzima ya kurudi mjini, kifurushi kikiwa mapajani na abiria wa jirani akiniuliza samaki hao nauzaje.

Lazima niseme kidogo kuhusu hiyo kamera. Tulipokuwa wadogo ulikuja mwaka mmoja kahawa ikalipa vizuri. Majirani wote waliezua nyasi wakapiga mabati. Mama naye alikuwa ameshaanza kuwaambia wenzake kisimani kwamba na yeye mwaka huu mvua itamlilia juu ya bati. Baba akaenda mjini kuchukua malipo ya kahawa, akapitia misheni, akakuta padri mmoja wa Kizungu anafunga mizigo kurudi kwao. Jioni akarudi hana hata bati moja. Begani alikuwa na kamera ya video, lile dude kubwa la zamani linalomeza mkanda mzima, na usoni ana furaha ambayo sisi watoto hatukuwahi kuiona.

Mama ni mtu wa ziwani, wa upande wa Liuli. Alipoolewa milimani alihama kanisa, kutoka Anglikana kuja Katoliki, lakini mdomo hakuuhamisha. Watu wa ziwani wanaongea mpaka na mawimbi, na mama yangu ndiye aliyewafundisha. Siku ile aliongea Kiswahili, akaongea Kinyasa, akamalizia kwa Kimatengo ili na mashemeji wasikose chochote. Tangu hapo kamera hakuiita kamera. Aliiita "mabati yangu". Ondoa mabati yangu kwenye meza. Mabati yangu yasinyeshewe. Akaapa kwamba hatalisemesha lile dude hata neno moja, na kweli hakulisemesha. Baba akitokeza na kamera, mama alifunga mdomo kama bomba la maji lililokatwa, akageuka kando na kuendelea na kazi yake. Mwanamke ambaye hakuna mtu aliyewahi kumnyamazisha, wala padri kwenye kitubio, alinyamazishwa na mabati.

Baba hakukata tamaa. Alipiga picha kila kitu. Alitupiga tukichimba ngoro shambani, yale mashimo yetu ya kilimo cha milimani, alipiga kipaimara, alipiga ng'ombe wa jirani akizaa, na dakika nyingi mno za mtambo wa kukobolea kahawa. Betri alichaji misheni, na mikanda tuliangalia hukohuko misheni mara moja kwa mwaka, hadi deki yao ilipokufa. Kamera nayo ikafuata, na miaka baadaye, baba.

Sasa kuhamisha mkanda kwenda DVD unahitaji vitu vitatu. Deki ya mikanda inayofanya kazi, kadude ka kuunganisha deki na kompyuta, na programu ya kurekodi. Kadude niliagiza Dar es Salaam, kakaja na basi kwenye kiboksi, pamoja na kidiski kidogo cha programu yake mwenyewe. Nilikitazama kile kidiski. Kilikuwa na rangi ya kijivu na maandishi ya kuchosha. Nikakiweka mezani, na kuanzia siku hiyo nikawa nakitumia kuwekea kikombe cha chai.

Deki ilikuwa shida zaidi. Mbinga nzima niliulizia, kila mtu alikuwa nayo zamani. Mwishowe mteja mmoja akanielekeza kwa mwalimu mstaafu kule Mbamba Bay, ambaye zamani alikuwa anaonyesha watu video uani kwake. Niliteremka siku ya Jumamosi na kifurushi changu. Nikampa shikamoo, akaitikia, na kabla sijaeleza shida akakinusa kile kifurushi, akaniuliza ni samaki gani, mbasa au usipa.

Nikafungua. Mwalimu aliutoa mkanda wa kwanza, akaupuliza, masizi yakaruka juu ya shati lake jeupe. Nilianza kuomba radhi kwa niaba ya mama. Mwalimu hakunisikiliza. Alifungua kile kifuniko cha mbele kwa ukucha, akaangalia utepe kwenye mwanga. Kisha akaingia ndani akarudi na mkanda mwingine, safi, wenye jalada lake, uliokaa kabatini miaka yote. Utepe wake ulikuwa na ukungu mweupe kama mkate uliosahauliwa. Akanieleza kwamba watu wengi wanaomletea mikanda ya huku kwetu wanamletea uyoga, kwa sababu ya mvua na unyevu. Hii ya mama ilikuwa michafu nje, ndani mikavu.

"Mwambie mama yako," akasema, "amekausha vizuri."

Alinifundisha kuifuta kwa kitambaa laini na spiriti, akaniazima deki kwa wiki mbili kamili. Baada ya hapo alikuwa anahamia Songea kwa binti yake, na deki anaondoka nayo. Akanionya jambo moja. Mpira wa ndani umechoka, deki imeanza kutafuna, kwa hiyo kila mkanda niupitishe mara moja tu, nisiifanyie mchezo. Nilimwahidi mara moja tu. Kwa nini iwe mara mbili, wakati anayefanya kazi ni mimi?

Hapo ndipo nilipoanza kuchagua programu, na hapo ndipo ujanja wangu ulipopata uwanja.

Ya kwanza niliipata bure mtandaoni. Ilirekodi vizuri dakika kumi za mkanda wa majaribio alionipa mwalimu. Nilipofungua nikakuta jina la kampuni limeandikwa katikati ya picha kwa herufi nene, limelala juu ya paji la uso la bibi harusi kana kwamba anauzwa. Ili litoke ulipie. Ya pili ilikuwa nzuri lakini kila ukiifungua inajisasisha kwanza, inakula kifurushi cha intaneti chote halafu inakuambia asante. Ya tatu nitaikumbuka hadi kufa. Yenyewe ilipenda sherehe. Kila tukio iliweka maua yanayoanguka na kinanda cha mahaba. Niliipa kipande cha mazishi, ikayamwagia maua na mioyo miekundu ikiruka kutoka kaburini. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri nimchapie barua ya shamba alisogea akaangalia, akasema kwao hawazikani hivyo, lakini kama ni utaratibu mpya basi.

Mdogo wangu wa Kigonsera alikuwa ananitumia ushauri kwa simu kila mapumziko ya shule. Alisoma mtandaoni orodha za programu bora, akaniandikia ubora na udhaifu wa kila moja kana kwamba tunasahihisha mitihani. Nilimwambia mwenye duka ni mimi. Akasema lakini mwenye akili ni yeye. Tulinuniana siku mbili kati ya zile kumi na nne.

Ya nne ndiyo iliyonimaliza. Hiyo ilikuwa programu yenye akili, ya kulipia, na nililipia. Ilikuwa na mwonekano mweusi wa kifahari na mishale inayong'aa. Ilijinadi kwamba inatuliza picha inayotikisika, inarudisha rangi zilizopauka, inakata yenyewe sehemu mbovu na inasafisha sauti. Kwenye sauti kulikuwa na kamshale ka kuvuta, kutoka kidogo hadi kabisa. Mimi ni mtu wa kabisa. Ikaniuliza niondoe kelele zote zilizo karibu na maikrofoni? Nikabonyeza ndiyo. Ikaniuliza nikate vipande ambavyo kamera inatazama chini? Ndiyo. Nibaki na nakala chafu ya mwanzo? Hapana, kompyuta yenyewe haina nafasi, futa.

Siku nne nilikaa na mikanda ile mchana kutwa, maana mkanda wa saa tatu unarekodiwa kwa saa tatu, haukubali kuharakishwa. Programu ilikuwa inafanya kazi yake kimyakimya huku nikitoa kopi, sauti ya kompyuta nimeizima nisiwasumbue wateja. Nilikuwa nageuka mara kwa mara kuangalia. Nyasi zilikuwa kijani, ziwa lilikuwa buluu, na sisi watoto tumetulia kwenye picha kama tuliogundishwa. Nilichapa majalada ya rangi, nikaweka picha ya mlima kwa mbele. Nikamtumia mdogo wangu picha ya DVD tisa zimepangwa, bila neno. Hakujibu, nikajua nimeshinda.

Niliwasha televisheni kwa mama siku ya Jumapili baada ya misa. Mama alichukua ungo wa maharage, akakaa kwenye kigoda akiipa televisheni mgongo, akaanza kuchambua. Nikadhani hakuelewa. Nikamgeuza, na kigoda chake. Akageuka tena kama alivyokuwa. Nikamwambia mama, picha ziko huku. Akasema anajua picha ziko wapi, niwashe tu.

Tukaangalia mkanda wa kwanza, yaani mimi nikaangalia na mama akachambua. Niliona jinsi kazi ilivyokuwa safi. Hakuna mkwaruzo, hakuna mvumo. Kila baada ya muda niligeuka kutafuta sifa usoni kwake. Mama alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayengojea mgeni na amesikia hatua za mtu mwingine. Saa nzima ikapita. Maharage yakaisha ungoni, na mikono yake ikabaki pale bila kazi.

"Mwanangu," akasema, "baba yako umemweka wapi?"

Nina hasira za karibu, wanaonijua wanajua. Nikamwambia tena kwamba baba hayumo, hakuwahi kuwemo, ndiye aliyekuwa anashika kamera, na mimi nimepoteza wiki nzima na macho yangu kwa ajili ya kumtafuta mtu ambaye hayupo. Nilisema hayupo kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Kuku walitoka nje.

Mama hakunijibu kwa ukali, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema sura zetu hakuziomba. Sura zetu anazo, ziko zinazeeka mbele yake kila siku. Baba alikuwa anaongea, akasema. Muda wote anapiga picha alikuwa anaongea, karibu kabisa na lile dude. Na miezi hii, akilala chali na kujaribu kuikumbuka sauti yake, anapata maneno tu, sauti haiji.

"Nimeanza kumsahau anavyosema," akasema. "Ndiyo maana nikakutuma."

Sikuaga vizuri. Nilirudi mjini na lile neno. Usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi nilikuwa nimeuacha mbachao kwa msala wenye mishale inayong'aa. Programu yenye akili ilisikia mtu anayekohoa na kunong'ona sentimita chache kutoka kwenye maikrofoni, saa kwa saa, mkanda kwa mkanda, ikaamua kwamba huyo ni kelele. Ikamtoa baba kama mtu anavyochambua mawe kwenye mchele. Na kila ilipouliza kama imtoe, mimi nilisema ndiyo.

Zilibaki siku sita. Nilikiondoa kikombe cha chai juu ya kile kidiski cha kijivu, nikafuta duara la chai, nikakiingiza kwenye kompyuta. Programu ilifunguka ndogo, mbaya, haina rangi. Ilikuwa na kitufe kimoja chekundu cha kurekodi na kingine cha kusimamisha. Haikuahidi kusafisha kitu. Nilitafuta kamshale ka kuvuta kwa mazoea tu, hakakuwepo. Ilikuwa haijui lolote zaidi ya kupokea kile inachopewa, na sikuwahi kuishukuru mashine kama nilivyoishukuru ile.

Nikafuta baadhi ya mafaili yangu ya biashara kupata nafasi. Nikauingiza mkanda wa kwanza kwenye deki kwa mara ya pili, kinyume cha ahadi yangu kwa mwalimu, nikafungua sauti hadi mwisho.

Kwanza ulikuja mvumo, kama mvua ya mbali juu ya bati. Halafu mtu akakohoa. Nilikijua kile kikohozi kabla sijajua kwamba nakijua. Baba hakuanza sentensi yoyote bila kusafisha koo, hata kusema amina.

"Fanyeni kama sipo," akasema.

Nililia palepale kaunta. Mteja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti aliniuliza kama arudi kesho, nikamwambia akae tu, ni baba. Akavua kofia, akakaa.

Kumbe baba alikuwemo kila mahali. Alikuwa anajisemea, kwa Kimatengo na Kiswahili vikichanganyika, sogea kushoto, jua limekuja, huyu mtoto mbona hana viatu na nilimnunulia. Alikuwa anahesabu betri kama mtu anayehesabu mbuzi jioni. Alikuwa anapiga mluzi wa wimbo wa kanisani akikosea mahali palepale kila mara. Na alikuwa na tabia ya kusahau kuzima, kwa hiyo kila baada ya tukio kamera iliinama na kutembea, na chini unaona malapa yake ya matairi yakikanyaga majani, moja baada ya jingine, hadi nyumbani. Hizo ndizo zile sehemu mbovu. Programu yenye akili ilikuwa imemkata baba hadi miguu.

Nilimpigia mdogo wangu, nikaisogeza simu kwenye spika. Nilisikia kengele ya shule yao ikilia, na yeye hakukata.

Mikanda minane ilipita salama. Wa tisa, wa safari ya ukweni Liuli, deki iliukamata katikati na kuanza kuutafuna. Nilisikia ule mlio, nikachomoa waya ukutani kabla sijafikiri. Nikafungua mfuniko kwa bisibisi, nikautoa utepe kidogo kidogo kwa vidole, huku nimebana pumzi kama ninayemtoa mtoto mwiba mguuni. Ulikuwa umekunjamana urefu wa kiganja. Niliunyoosha kwa kitambaa, nikaurudisha kwenye gurudumu lake kwa kidole, nikaombea kwa Katoliki na kwa Anglikana, kila kanisa kivyake. Ulipita. Picha iliruka kidogo pale ulipokunjamana, sauti ikayumba, ikarudi.

Siku ya kumi na tatu niliirudisha deki Mbamba Bay. Nilikiri kwa mwalimu kwamba niliipitisha mikanda mara mbili. Akasema alijua tangu nilipoahidi haraka.

Jumapili iliyofuata mama alikaa kama alivyokaa mara ya kwanza, mgongo kwa televisheni na ungo wa maharage mapajani. Safari hii sikumgeuza. DVD hazikuwa na jalada lolote, niliziandika kwa kalamu tu. Nikawasha ya kwanza.

Baba akakohoa. Mkono wa mama ukasimama kwenye maharage.

"Fanyeni kama sipo," baba akasema, na mama akacheka kwa pua.

"Nani angeweza," akasema, na kuendelea kuchambua.

Tulikaa hivyo alasiri yote. Mama alimjibu baba mara nyingi, kwa ugomvi zaidi kuliko kwa upole. Baba akiuliza viatu vya mtoto viko wapi, mama akamwambia viko ulikovinunua, vilikuwa vidogo. Alipokosea mluzi, mama alimsahihisha kwa kuimba. Mimi nilikuwa nacheka peke yangu, sikujua nimtazame nani.

Kisha nikaweka ya tisa. Ziwa likajaa kwenye kioo, lililopauka, rangi yake ya kweli ya siku ile. Wanawake wanacheza ngoma ya kioda mchangani kwa mistari, mama yumo, kijana, mwembamba, miguu yake inajua mahali pa kukanyaga. Ngoma ikaisha wakatawanyika. Kamera ikamfuata yeye hadi majini anakochota ndoo.

"Mama watoto," baba akasema. "Sema neno moja basi. Moja tu. Watoto waje wasikie." Akakohoa. "Betri inaisha."

Yule mama wa kwenye picha alifunika mdomo kwa kanga, akajitwika ndoo, akaondoka. Picha ikainama kwenye mchanga.

Mama aliuweka ungo chini, akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha. Baba akaomba neno tena, mama akaondoka tena na ndoo.

"Nilikuwa na hasira za mabati," akasema, bado kanipa mgongo. "Nikasema nitaongea naye kwenye dude lake siku akiyanunua. Akaja kuyanunua, mazuri, haya haya yaliyo juu yetu. Mimi nikasahau, naye hakuniomba tena." Akafuta uso kwa ncha ya kitenge. "Nilidhani siku ziko nyingi. Rudisha tena."

Nikarudisha. Mama akajigeuza na kigoda chake, mara ya kwanza tangu tuanze, akaitazama televisheni.

"Mama watoto," baba akasema. "Sema neno moja basi."

"Abee," mama akaitika.

Mchangani malapa ya matairi yalitembea hatua nne, tano, kisha betri ikaisha. Mama akauokota ungo wake, akaniuliza kama nitakula ndizi au ugali.